Zege la Baba Mkwe

Katika ukoo wa mkewe, Diski alikuwa mkwe wa tatu, na alikuwa wa tatu kwa kila kitu. Mkwe wa kwanza alikuwa meneja wa benki, mtu wa tumbo na tai. Wa pili alikuwa mfamasia, na kila mgeni wa nyumba ile alimweleza maradhi yake hata kabla salamu hazijaisha. Diski yeye alikuwa mkata zege. Jina lenyewe alipewa kazini, kwa ajili ya lile gurudumu lenye meno ya almasi analolifunga kwenye msumeno wake, na lilimkaa hata watu wa mtaani kwake wakasahau kwamba ana jina jingine. Panapotakiwa mlango kwenye ukuta ambao haukuwa na mlango, au ngazi kwenye sakafu ambayo haikuwa na tundu, Diski huitwa. Anapima, anachora kwa chaki, anafungulia maji, anakata, anaondoa kipande, anakwenda zake. Ukimpa nafasi atakuambia kwamba kujenga kila mtu anajenga, hata ndege wanajenga, lakini kukata zege bila kuiangusha nyumba ni kipaji. Na nafasi hiyo hakusubiri apewe.

Kwa baba mkwe sifa hizo hazikuwa na soko. Mzee alikuwa mwashi mstaafu, na kwake yeye duniani kulikuwa na watu wa namna mbili tu, wanaojenga na wanaovunja. Kwa hiyo Diski kwake alikuwa "mvunjaji". "Mvunjaji keshafika? Mpeni pa kukaa." Pa kukaa penyewe palikuwa kigoda karibu na mlango, mahali ambapo kila anayepita na sinia alimkanyaga vidole, ilhali meneja na mfamasia walizama kwenye makochi kulia na kushoto kwa mzee. Wao waliitwa "wanangu". Miaka yote ya ndoa yake Diski alingoja neno hilo limfikie, kama mtu aliyekaa kwa kinyozi na kila anayeingia anapewa kiti kabla yake.

Mkewe alikuwa akimcheka. "Baba watoto, wewe ni mtu mzima na una watoto wako. Kuitwa mwana kutakufanyia nini?"

"Nani kakuambia nataka kuitwa?" Diski alijibu. Alitaka mno, hadi aibu.

Sasa, majivuno ya mzee yalikuwa na makao yake rasmi: jengo moja la biashara katikati ya mji, ambalo zege la sakafu ya ghorofa ya kwanza alilimwaga yeye alipokuwa kijana na msimamizi wa mafundi. Habari za zege lile zilisimuliwa kila ukoo ulipokutana, na kila zilipokuwa zikisimuliwa liliongezeka unene. Tena lilikuwa na desturi yake. Kijana akija kuposa binti katika nyumba ile, mzee hakumuuliza kazi wala wazazi. Alimchukua mpaka kwenye jengo, akampandisha ghorofani, akamsimamisha katikati ya ule ujia mrefu unaopita mbele ya ofisi, akamwamuru: "Ruka."

Kijana anaruka.

"Juu zaidi! Umesikia limetikisika?"

"Hapana, baba."

"Basi hivyo ndivyo nilivyomlea binti yangu."

Meneja wa benki aliruka, tai ikampiga usoni. Mfamasia aliruka akateguka kifundo, na dawa ya kuchua alijiandikia mwenyewe. Diski aliruka kuliko wote, akidhani labda kuna alama zinatolewa. Wapangaji wa jengo walishazoea. Wakisikia kishindo nje ya milango yao walitikisa vichwa, wakajua kwamba yule mzee ana binti mwingine anayeolewa.

Ikatokea kwamba mwenye duka la magodoro, aliyepanga chini ya jengo hilo, akachukua na chumba kimoja cha juu yake, akataka ngazi ya ndani ili mteja akishachoka na magodoro ya chini apande akachoke na ya juu. Kampuni aliyoajiriwa Diski ikapewa kazi ya kukata tundu la ngazi, na mkataji akawa yeye. Mzee alipopata habari alicheka mpaka akakohoa.

"Zege langu? Wewe na hicho kisu chako cha mkate? Litazimaliza diski zako zote, kisha likuulize kama umebakiza nyingine! Nitakuja mwenyewe kukuangalia unavyohangaika."

Kukata zege kwenye jengo lenye watu kuna adabu yake, na adabu hiyo ni kwamba hakuna anayekutaka. Jengo halifungwi. Kila mtu anaendelea na shughuli zake, na wewe unatakiwa ufanye ngurumo ya kuamsha wafu bila kumsumbua yeyote. Wahasibu waliokuwa chumba cha pili walisema akate wakati wao wametoka kula. Mwenye magodoro alisema hataki vumbi, hataki maji, na kama ingewezekana hataki kazi yenyewe, anataka ngazi tu. Aliyeumia zaidi ni daktari wa meno, mpangaji wa mwisho wa ujia. Msumeno ulipowashwa mara ya kwanza kwa majaribio, wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walidhani mlio ule unatoka ndani kwa daktari. Benchi likabaki tupu. Mmoja aliondoka na ganzi mdomoni, akaapa barabara nzima, kwa ulimi mzito, kwamba jino lake limepona.

Diski alifanya maandalizi yake bila haraka. Alitundika maturubai ya kuzuia vumbi, akasimamisha nguzo za chuma huko chini katikati ya magodoro ili kipande kikikatika kisimwangukie mtu, akafunga winchi ya mnyororo, akachora mstari. Alikuja na diski za akiba, kwa sababu maneno ya mzee yalikuwa yamemkaa rohoni. Wahasibu walipokwenda kula, akafungulia maji, akawasha.

Msumeno ukazama kama kisu kwenye sabuni iliyolowa.

Diski akauzima, akaangalia diski. Ilikuwa nzima. Akaangalia maji yanayotoka kwenye mfereji wa mkato: badala ya uji mzito wa kijivu anaoujua, yalikuwa ya rangi ya udongo, na mchanga ulikuwa unatuama chini kama kwenye karai la kufulia. Akaendelea. Alitegemea kupigana siku nzima, lakini wahasibu hawakuwa wamerudi na kipande cha kwanza kilikuwa kimeshaachia pande zote nne. Akakivuta juu kwa mnyororo, akakilaza pembeni kwa ubavu, akafunika tundu kwa mbao. Kisha akachuchumaa aone uso wa mkato, kama afanyavyo siku zote.

Zege likikatwa halina pa kuficha kitu. Mle ndani kulikuwa na mchanga mwingi, kokoto za kutafuta, na mashimo ambayo ngumi ingeingia. Nondo zilikuwa nyembamba kama waya wa kuanikia nguo, na kutoka moja hadi nyingine mtoto angepita. Katikati kulikuwa na mifuko ya saruji iliyokunjwakunjwa, imeshindiliwa ili ijaze nafasi ya saruji yenyewe. Pembeni, imebanwa vizuri, kulikuwa na kandambili ya mguu wa kushoto.

Cha kwanza alichofanya Diski ni kucheka. Alicheka peke yake, kwa raha ya kweli, akishika mbavu. Alimwona mzee kwenye kochi lake anasimulia unene, akajiona yeye mwenyewe anaingia na hiyo kandambili kwenye sinia. Kisha akakumbuka jinsi alivyowahi kushindwa kutoboa tundu dogo la bomba kwenye sakafu ya nyumba ya mzee. Ilikuwa ngumu kama chuma, na mama mkwe alimwambia kwa fahari kwamba nyumba hiyo ilijengwa wakati uleule mmoja na jengo la mjini. Kumbe. Saruji ya jengo ilijua njia ya kwenda nyumbani.

Halafu alisimama ili aende kunywa maji, akagundua kwamba anatembea kwa ncha za vidole. Kicheko kikamkauka. Sakafu hii haikuwa ya chumba hiki tu. Ndiyo hiyohiyo iliyopita chini ya wahasibu na makabati yao ya chuma yaliyojaa mafaili, chini ya ujia, mpaka chini ya daktari wa meno na kile kiti chake kizito. Na chini yake, muda huohuo, kulikuwa na wateja waliojilaza kwenye magodoro ya kujaribu, wamefumba macho, wanasikilizia migongo yao.

Kilichotakiwa kufanywa kilikuwa wazi. Msumeno uzimwe, injinia apigiwe, watu watolewe. Diski alitoa simu mfukoni, na alikuwa anatafuta namba pale mlango ulipofunguliwa, baba mkwe akaingia na kofia yake, tayari kwa kucheka.

"Enhe, mvunjaji! Limekushinda?"

Halafu akakiona kipande. Alikitazama kutoka pembe hadi pembe. Alivua kofia. Alitafuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, na mikono yake ikawa haijui pa kukaa.

"Mwanangu," akasema.

Diski karibu aangushe simu.

"Mwanangu, funika hicho kitu."

"Baba, watu wako hapa. Hawa wahasibu, huyu daktari..."

"Walikuwepo jana, na juzi. Limekaa miaka yote hii halijamdhuru mtu, litashindwa siku moja? Kesho namleta mchumba wa shemeji yako, ukoo mzima umeshaambiwa. Nikiahirisha wataniuliza kwa nini, nitawaambia nini? Acha huyu kijana aruke, tuondoke zetu, halafu huyo injinia wako mwambie unalotaka. Sikuzuii. Na kesho jioni uje nyumbani. Utakaa hapa," akapigapiga hewa upande wake wa kulia, pa meneja wa benki.

Mtu aliyenyimwa kitu muda mrefu hakagui bei anapouziwa, na Diski hakukagua. Alifunika kipande kwa turubai. Ili dhamiri yake ipate usingizi, alishuka chini akaongeza nguzo chini ya ujia, pale hasa watu watakaporukia, huku mwenye magodoro akilalamika kwamba duka lake limekuwa msitu. Baada ya hapo alijiambia kwamba amechukua tahadhari. Neno hilo lilimpendeza, akalirudia njia nzima.

Nyumbani mkewe alimsikia anapiga mluzi. "Kuna nini leo?"

"Baba yako kaniita mwanangu."

"Anaumwa?"

Diski akacheka, akabadilisha mazungumzo. Kuhusu sakafu hakusema kitu, na si kwamba alisahau. Neno alikuwa nalo mdomoni wakati wote anapokula, na alikula polepole.

Kesho yake wakaja. Mzee mbele na kofia, meneja na mfamasia nyuma yake, kisha mabinti wawili, mke wa Diski na yule mdogo anayeposwa, na mchumba mwenyewe, mwalimu wa hesabu, mwembamba, mwenye heshima zilizopita kiasi. Wahasibu walichungulia, wakaona ni mambo ya siku zote, wakarudi kwenye hesabu zao. Daktari wa meno alikuwa na mgonjwa, na kwa kuwa msumeno ulikuwa umezimwa, benchi lake lilikuwa limejaa tena.

Mzee alimwita Diski asimame karibu naye. Mbele ya watu wote aliweka mkono begani kwake. "Mwanangu huyu ndiye anayelikata zege langu," akatangaza. "Muulizeni kama ni mchezo!"

"Si mchezo, baba," Diski akasema. Meneja wa benki aligeuza shingo kuangalia kama amesikia vizuri, na Diski akaona raha iliyompanda kutoka miguuni. Kwa dakika hiyo hata kandambili aliisahau.

Mchumba alisogezwa katikati. Alitazama maturubai, akatazama vumbi, akauliza kwa upole kama ni salama kuruka karibu na mahali panapokatwa.

"Mimi niliruka," meneja alimwambia, akijishika tumbo, "na mimi ndiye huyu unayeniona. Ruka, kijana."

Mwalimu akavua saa, akavua miwani, akampa mchumba wake. Na hapo ndipo mke wa Diski alipotoka kwenye kundi, anacheka, akikusanya gauni kwa mkono mmoja.

"Ngoja kwanza. Tangu niko mdogo nasikia habari za kuruka, na sijawahi kuruka hata mara moja. Kwani hili zege ni la wanaume? Leo naanza mimi, kwa nguvu zangu zote."

Akarudi nyuma hatua kadhaa apate kasi. Mdomo wa Diski ulifunguka. Maneno yalikuwepo, yamejipanga, na mkono wa baba mkwe ulikuwa bado begani. Alifikiria nguzo alizoongeza. Alifikiria kwamba mkewe si mzito. Alifikiria yote hayo katika muda ambao mtu anaweza kusema "acha" mara kumi, na hakusema.

"Usiruke!"

Sauti ilimtoka mzee kama aliyeunguzwa. Mkono begani kwa Diski haukuwepo tena. Mzee alikuwa ameshamrukia binti yake, kamdaka kiunoni kwa mikono miwili, kofia imeangukia huko, anamvuta kuelekea ngazini. "Wewe usiruke! Nimesema usiruke, mama, shuka, shuka chini!"

Wagonjwa wa benchini walisimama. Hata wahasibu waliacha kubonyeza mashine zao. Mwalimu wa hesabu alibaki amesimama palepale katikati, na taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba amekanyaga mkia wa mbwa, akaanza kurudi ukutani.

"Baba, mbona mimi nisiruke?" mke wa Diski akauliza.

"Basi tu."

"Na huyu kijana aruke?"

Meneja wa benki, ambaye hajawahi kumkatiza mzee tangu aoe, akasema kwa sauti ndogo, "Baba. Sisi ulituambia turuke juu zaidi."

"Sasa mimi ningejuaje kama bado linashika?" mzee akafoka, na mara tu alipolisema akalisikia. Alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumsaidia kulirudisha. Mfamasia aliangalia kifundo chake cha mguu.

Mke wa Diski alijitoa mikononi mwa baba yake. Hakuuliza tena. Aliingia kwenye kile chumba, akaliona turubai, akalifunua kama mtu anayefunua kitanda cha mgonjwa. Alikuwa binti wa mwashi na mke wa mkata zege, hakuhitaji kuelezwa. Aliinama, akagusa zile nondo kwa kidole, akagusa ile kandambili. Diski alimfuata mpaka mlangoni, akabaki hapo.

"Hiki umekitoa lini?"

"Jana."

"Jana. Ulipokuwa unapiga mluzi."

"Niliongeza nguzo chini, mama watoto. Nimechukua tahadhari. Nilikuwa nimwambie injinia leo, tukishamaliza..."

"Tukishamaliza kuruka."

Diski, ambaye angeweza kuusifu mkato mmoja kuanzia asubuhi mpaka jioni, alisimama akishika fremu ya mlango.

"Baba yangu kalimwaga hili zege, na kaiba," mkewe akasema. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Huyo nitajua la kumfanya, ni baba yangu. Lakini alipoona nataka kuruka, alipiga kelele. Mwizi kapiga kelele. Wewe ulikuwa unajua, umesimama pale, mdomo wazi, unangoja uambiwe mwanangu mara ya pili."

Akampita. Akaenda kugonga mlango wa wahasibu, akawaambia watoke, waache mafaili, watoke. Wakaanza kuuliza maswali ya kihasibu, akawafokea wakatoka. Akawashusha wagonjwa wa benchini, akagonga kwa daktari wa meno, na mgonjwa wa ndani akatoka na kitambaa kifuani na pamba shavuni, safari hii bila kusikia mlio wowote. Mdogo wake alimshika mwalimu mkono. Meneja alishuka kwa kunyata, kashikilia tumbo kwa mikono miwili kana kwamba hivyo litapungua uzito. Kutoka chini ilisikika sauti ya mwenye magodoro akiuliza ni nani atakayemlipa, na sauti ya mke wa Diski ikimwambia atoe wateja vitandani kwanza.

Juu wakabaki wawili. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, bila kofia, ameegemea ukuta, na alionekana mdogo kuliko ukoo ulivyozoea kumwona. Diski alitoa simu, akampigia injinia, akamweleza yote kwa maneno machache, pamoja na mifuko, pamoja na nondo. Injinia alipouliza ni lini amegundua, akasema jana, na akalazimika kusogeza simu mbali na sikio.

Alipomaliza, mzee alimtazama kwa macho ya mtu ambaye hana pengine pa kwenda.

"Mwanangu," akasema, na akasogea kidogo kwenye benchi kumpisha akae.

Pale, kwa mara ya kwanza tangu aoe, Diski alitamani angeitwa mvunjaji.